Bata Bukini Anapumua

Shahada yangu ya uhuishaji imo ndani ya bomba la plastiki
juu ya kabati, Łódź, ghorofa ya nne,
kando ya miavuli ya marehemu shangazi Genowefa.
Miaka mitano, filamu moja, dakika tatu na sekunde kumi na moja:
mwanamke anafunga duka lake la vifungo,
na vifungo vinamfuata hadi nyumbani.
Walimu walipiga makofi. Mmoja alijifuta macho,
au labda alikuwa na mafua; ilikuwa Februari.

Ikaja Juni. Mlango wa chuo ukajifunga polepole nyuma yangu,
kama mlango wenye springi,
usiomfukuza mtu.

Baba, aliyekesha miaka thelathini kwenye mashine za kufuma
mpaka kiwanda kikageuzwa hoteli,
aliuliza kila Jumapili, kijiko hewani:
"Wakiniuliza wewe ni nani, niseme nini?"
"Sema natuma maombi."
"Maombi! Hata Bibi Kosmala wa ghorofa ya pili hutuma maombi,
tena kwa magoti."

Nilituma arobaini na saba. Yakajibiwa sita, kwa upole.
Kornel, tuliyegawana naye dawati, alikwenda Wrocław
kuchezesha sarafu kwenye michezo ya simu;
ana bima ya meno, na sarafu zake, kusema kweli, zinadunda vizuri.
Mimi saa kumi alfajiri nilikuwa nakanda unga,
nikitazama donge linavyosita ukingoni mwa meza
kabla halijakubali kuanguka.
Hilo chuoni sikulisoma.

Kisha simu. Studio nyuma ya muuza matairi,
iliyokuwa zamani chumba cha kutia nguo rangi.
Bi Kunegunda Rzepka, gundi kwenye kucha, hakuliomba bomba.
"Walikufundisha nini?"
"Kusimulia."
"Vizuri. Hapa utapepesa macho."

Akanipa kopo la kope za bata bukini,
thelathini na sita, zina namba kwa chini.
Bandika kope. Toka kwenye mwanga. Piga picha. Rudi.
Bandua. Bandika. Toka. Piga. Rudi.
Picha kumi na mbili ndipo upate sekunde,
na ndani ya sekunde hiyo bata
kageuza shingo, basi.
Haba na haba, walisema wahenga;
hawakusema haba moja inalipwa shilingi ngapi.

Jumatano ya wiki ya tatu, picha ya themanini,
goti langu likagusa meza.
Theluji ya pamba ikasogea. Siku nzima ikafa.
Nikangoja kufokewa.
Bi Kunegunda alifungua dirisha, akavuta nusu ya sigara,
akasema, "Haya. Sasa umeanza kazi."

Kuna mahali, sehemu ya tano, bata anasimama kwenye theluji
kabla ya kuliacha zizi. Sekunde nne. Hafanyi kitu.
Hivyo ndivyo hati ilivyosema: hafanyi kitu.
Mimi nilipenyeza pini chini ya manyoya ya kifua,
nikakiinua upana wa uzi,
nikakishusha,
nikakiinua.
Siku mbili. Sikumwambia mtu.

Walipoionyesha kwenye ukumbi wa mtaa, kati ya watoto na mabegi yao,
Baba alikaa na kofia magotini.
Zikafika zile sekunde nne. Akainama mbele.
"Mle ndani," akanong'ona, "kuna nani?"
Sikujibu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni,
kidole kikipanda na kushuka.

Mkataba unaisha Machi. Natuma tena maombi, la arobaini na nane,
na kwanza kabisa, mbele ya vifungo, nimemweka bata.
Jana nilimsikia Baba ngazini akimwambia Bibi Kosmala:
"Binti yangu anafanya kazi ya pumzi."
Maskini, akadhani niko hospitali.
Ameniwekea mshumaa.
Sijamsahihisha.